Kibao Nilichokiandika kwenye Mlango wa Mionzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa chumbani kabla sijagusa kitu. Nilivaa koti jeupe jipya, mama yangu alikuwa amelipiga pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe, nikaingia katika chumba cha eksirei nikitegemea kupokelewa kama mtaalamu. Mkuu wa Kitengo, mzee mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi nyuma ya kichwa, alinitazama kifuani akauliza beji iko wapi. Nikamwonyesha kitambulisho. Akasema hakuniuliza jina, aliniuliza beji ya kupimia mionzi, kile kijisanduku cha plastiki ambacho mfanyakazi wa eksirei hukibandika kifuani ili baada ya muda ijulikane mwili wake umepokea mionzi kiasi gani. Sikuwa nayo. Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, nikatoka, na siku nzima nikashinda nje nikipanga bahasha za filamu.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ipo katika wilaya yetu hii ya Same, na waliofanya kazi nami wanaijua, na wanajua pia kwamba nitakayoyasema ni yangu, si ya hospitali. Nimeombwa na vijana wa fani yetu niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nilikubali upesi kwa sababu napenda kusikilizwa. Baadaye nikagundua kwamba siwezi kuieleza kazi yangu bila kueleza habari ya kibao, na hapo kalamu ikawa nzito.

Mkuu wa Kitengo alinifundisha kuiogopa kazi kabla ya kuijua. Mionzi ya eksirei haionekani, hainuki, haiunguzi papo hapo, na ndiyo maana mtu huizoea akafanya ujinga. Tulivaa aproni ya risasi, yaani vazi zito lenye madini ya risasi ndani yake ya kuzuia mionzi, hata jua la Same lilipotupika humo. Tulisimama nyuma ya ukuta kila tulipobonyeza. Filamu tulizisafisha kwa mkono katika chumba cha giza, dawa ikituachia vidole vya rangi ya kahawa ambavyo mke wangu hakuvipenda mezani. Na kabla ya kumpiga picha mwanamke yeyote ilikuwa lazima umuulize kama ana ujauzito, kwa sababu mionzi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na ikiwa hakuna ulazima mkubwa anarudishwa kwa daktari aamue upya.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Katika nyumba nyingi za milimani kwetu mimba changa haitangazwi. Mwanamke humwambia mumewe, pengine na mama yake mzazi, na wengine wote huachiwa waone wenyewe tumbo likishajitokeza. Alikuja mama mmoja kijana anayeumwa mgongo, kasindikizwa na mama mkwe wake. Nikamuuliza kwa sauti ya kiofisi kama ana mimba. Akasema hana, akiangalia sakafu. Nikampiga picha. Miezi kadhaa baadaye akaja kliniki na tumbo kubwa, na tarehe zikasema wazi kwamba siku ile alikuwa nayo. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, lakini Mkuu wa Kitengo aliposikia hakula chakula cha mchana. Aliniita chumba cha giza na kufunga mlango.

"Ulimuuliza mbele ya mama mkwe wake," alisema. "Ulitegemea akujibu nini?"

Niliwaza jambo hilo kwa wiki nzima. Kisha nikanunua rangi nyekundu, nikatafuta ubao, na kwa mkono wangu, kwa herufi zilizonyooka kuliko za fundi wa duka, nikaandika: HATARI, MIONZI. MAMA MWENYE UJAUZITO USIINGIE. GEUKA URUDI KIMYA, HUTAULIZWA NENO. Nikakigongomea kwenye mlango wa nje wa kitengo, usawa wa macho. Mwanamke asingelazimika kusema kitu. Angesoma, angesimama kidogo kama aliyesahau kadi yake, angerudi kwa daktari, na daktari angemwelewa. Mkuu wa Kitengo alikitazama kibao kile kwa muda mrefu, akafuta miwani, akasema kwamba sasa nimeanza kazi. Hakuwahi kunisifu kabla ya siku ile, wala baada yake.

Kile kibao kilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Nilikipaka rangi upya kila mara jua lilipokipausha. Mkuu wa Kitengo akastaafu, mimi nikakaa kwenye kiti chake, na wageni walipotembelea hospitali nilihakikisha wanapita mbele ya mlango ule taratibu.

Kisha ikaja mashine ya utrasaundi. Mganga Mfawidhi wa wakati huo, yaani daktari msimamizi wa hospitali, alikuwa mtu mrefu mwenye haraka, anayeongea huku anatembea. Aliniambia koridoni, bila kusimama, kwamba nitakwenda Moshi kujifunza. Nilikwenda nikiwa na kiburi cha mtu anayejua mashine, na huko nikakutana na mkufunzi mmoja mwanamke aliyekiondoa kiburi hicho kwa siku mbili.

Alianza kwa kutuuliza sisi watu wa milimani kama tumewahi kupiga ukelele kwenye korongo. Sauti inakwenda, inagonga mwamba, inarudi. Ikirudi upesi mwamba uko karibu, ikichelewa uko mbali. Utrasaundi, alisema, ni hivyo tu. Kile kishikio tunachokiita probu hutuma sauti kali kupita uwezo wa sikio la binadamu, sauti inagonga mtoto, inagonga maji, inagonga kondo la nyuma, inarudi, na mashine inachora mwangwi. Hakuna mionzi ndani yake. Kwa miaka yote ambayo wajawazito wamepimwa kwa sauti hiyo, alisema, hayajaonekana madhara kwa mtoto pale kipimo kinapofanywa na mtu aliyefundishwa na kwa sababu ya kitabibu. Lakini hakutuacha tulale usingizi. Sauti hiyo ina nguvu, na nguvu yoyote ikikaa mahali pamoja huleta joto kidogo. Kwa hiyo hatuikalishi. Tunapunguza nguvu, tunafupisha muda, zile njia zenye nguvu zaidi za kusikiliza mwendo wa damu hatuzitumii ovyo kwa mimba changa, na hatumpimi mama kwa ajili ya kujifurahisha.

Siku moja nilikuwa nafanya mazoezi ya kumpima mama mmoja chini ya usimamizi wake, na uso wa mtoto ukatokea, pua, mdomo, mkono shavuni. Nikaduwaa. Mkufunzi akauliza natafuta nini. Nikasema sitafuti, natazama tu, kwa kuwa ni mzuri. Akasema basi nyanyua mkono. Neno hilo nimelifanyia kazi maisha yangu yote. Ukishaona ulichotumwa kukiona, nyanyua mkono. Nimewakatalia wanaume wengi kwa neno hilo, akiwamo mfanyabiashara mmoja wa Hedaru aliyetaka mkewe apimwe kila mwezi ili awarushie rafiki zake picha kwenye simu. Alinuna, akasema yeye ndiye mwenye mtoto. Nikamwambia mtoto bado ni mgonjwa wangu, yeye asubiri zamu yake.

Niliporudi Same swali likawa mashine ikae wapi. Mganga Mfawidhi hakusita. Kitengo changu ndicho kilichokuwa na kufuli nzuri, umeme wa kuaminika na chumba cha ndani chenye pazia. Mashine ikaingizwa humo. Ili kuifikia, mama mjamzito alipita kwenye mlango wa nje wa kitengo, akaingia koridoni, akaiacha eksirei upande wa kushoto, akaja kwangu kulia. Eksirei ilikuwa imefungwa ndani ya kuta zake nene, kupita koridoni hakukuwa na hatari yoyote. Mimi nililijua hilo. Sikufikiria kwamba mwingine hakulijua.

Mmeshaona kosa. Mnaliona kwa sababu mnalisoma mara moja, kwa ukurasa mmoja. Mimi nilipita chini ya kibao kile asubuhi na jioni, na kitu unachopita chini yake kila siku hukioni tena. Wala si mimi tu. Daktari, wauguzi, mfagizi, Mganga Mfawidhi mwenye haraka zake, wote tulipita. Tulimwandikia mama mjamzito cheti cha kwenda utrasaundi, na tulimwelekeza kwenye mlango uliomwambia kwa herufi nyekundu asiingie.

Waliokuja walikuwa wachache kuliko waliotumwa. Nami nikapata sababu za haraka. Nikasema ni umbali, ni waume, ni ukaidi wa watu wa milimani, ingawa mimi mwenyewe nimezaliwa huko huko. Nilishangaa kidogo kwamba akina mama wa jamii za wafugaji, waliotoka tambarare na ambao wengi wao hawakupata bahati ya kusoma, walikuja na kulala kitandani bila wasiwasi, huku walimu na akina mama wa kwaya za kanisani wakikosekana. Nikasema wafugaji ni watu jasiri. Sikwenda mbali zaidi ya hapo katika kufikiri.

Matroni wa wodi ya wazazi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, alinijia mara kadhaa. Aliniuliza, anatuma wajawazito kwangu, mimi nawapeleka wapi? Nikamjibu kwa jeuri kwamba yeye atume na mimi nipime, kila mtu na kazi yake. Ni maneno ninayoyaonea aibu mpaka leo.

Sasa niwaambie habari ya Mwalimu Naetwe. Alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Vudee, na mumewe, Elieshi, alilima tangawizi na maharage. Walikuwa wamepoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa nane, na alikuwa ameona matone ya damu mara moja, bila maumivu. Muuguzi wa zahanati akamwandikia rufaa ya utrasaundi, kwa sababu damu isiyo na maumivu katika miezi ya mwisho inaweza kumaanisha kondo la nyuma limekaa chini, juu ya mlango wa kizazi, mahali mtoto anapopaswa kupita. Kondo likikaa hapo, uchungu unapoanza mlango hufunguka, kondo linaachia, na mama anavuja damu mpaka anakwisha. Ni kipimo cha dakika chache kinachogundua hilo mapema.

Nilikuwa nakunywa chai ya saa nne Matroni aliponiita mwenyewe, mbio, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Mwalimu Naetwe ameletwa kwenye gari la mizigo, anatoka damu. Daktari wa zamu, kijana mpya, alikuwa ameshavaa glavu amchunguze kwa vidole, na Matroni akamzuia, kwa sababu ukikuta kondo mlangoni ukaligusa, unaweza kufungua mto wa damu. Ilitakiwa kwanza ijulikane kondo liko wapi. Wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu na kumleta kwangu.

Mlangoni kitanda kikasimama. Mwalimu alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe, na hakukubali kuachia. Mumewe alimbembeleza kwa Kipare, Matroni alimbembeleza kwa Kiswahili. Alikuwa mpole kwa sura, hakupiga kelele, alisema tu.

"Humo siingii. Nimesoma mara mbili, na leo nimesoma tena. Nimepoteza wawili, huyu sitamwua kwa miguu yangu."

Niliinua macho kufuata macho yake. Ndipo, baada ya miaka yote ile, nikakisoma kibao changu.

Siwezi kuwaeleza vizuri nilivyojisikia. Lakini damu ilikuwa inapita kwenye godoro, hapakuwa na nafasi ya kujihurumia. Nikamwambia kwamba kibao ni changu, nimekiandika mimi, na kinasema kweli kuhusu mashine nyingine, siyo hii. Hii haina mionzi. Ni sauti inayokwenda na kurudi. Alinisikiliza kwa makini, kama mwalimu anayesikiliza jibu la mtoto ambaye huenda amekariri.

"Unaweza kuniapia kwamba haitamdhuru?"

"Siapi, Mwalimu. Nakuambia ninachokijua. Imetumika kwa akina mama wengi mno, kwa miaka mingi, na hatujaona ikidhuru mtoto. Nitaitumia kwa dakika chache, na nikishaona kondo liko wapi nitanyanyua mkono. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba hiyo damu inamdhuru, na inakudhuru na wewe."

Akanitazama. Akasema ananiamini mimi, lakini mlango hauamini. Na kweli, ungeuaminije? Ni mimi mwenyewe niliyemfundisha kuuogopa.

Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipotazama chini na kuona magurudumu ya kitanda. Mashine ya utrasaundi nayo ina magurudumu. Manne, yana breki ndogo za kukanyaga kwa mguu. Yalikuwepo tangu siku iliposhushwa kwenye gari. Nikaingia ndani, nikachomoa waya, nikakanyaga breki zikaachia, nikaisukuma mashine nje ya mlango mbele ya macho yake, nikapita nayo kwenye baraza la saruji inatetemeka kama toroli, mpaka wodi ya wazazi. Daktari kijana alikuja nyuma na waya wa kurefushia umeme aliouchomoa kwenye friji ya wauguzi. Mwalimu akaachia mwimo. Wakamleta.

Nilimpaka jeli, nikaweka probu chini ya kitovu, nikashusha. Kichwa cha mtoto kilikuwepo, moyo unapiga. Chini ya kichwa, pale panapotakiwa pawe wazi, kondo lilikuwa limelala limefunika mlango wote. Nikanyanyua mkono. Nilimwambia daktari maneno matatu tu, na baada ya muda mfupi Mwalimu alikuwa chumba cha upasuaji, Elieshi akitoa damu kwa ajili yake huku amegeuza uso pembeni asione sindano. Mtoto alitoka mdogo, wa kike, akalia. Mama alichukua siku tatu kabla hatujaamini kwamba amebaki nasi.

Siku ya nne nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi, akanizuia kwa mkono. Akaniambia kwamba alishuka Same mara mbili na cheti chake. Mara zote alisoma kibao, akageuka. Kilimwambia hataulizwa, akaona afadhali, kwa sababu asingejua aanze vipi kubishana na watu wa hospitali. Pale kwenye benchi alikuta wengine. Hawakusemezana. Mmoja alisoma, akainuka, akaondoka na kadi yake, na mwingine aliyekuwa amefika naye akamfuata. Kila mmoja alidhani daktari aliyemwandikia cheti amekosea, na kwamba kibao kimemnusuru.

Mchana ule nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi, na kwa mara ya kwanza nikamwomba asimame nikimwongelesha. Alisimama. Nilipomaliza, alikaa chini kwenye ngazi, na kofia yake akaishika mkononi. Hakunikaripia. Alisema hata yeye amepita pale kila siku. Kabla ya wiki kwisha utrasaundi ilihamishiwa kwenye chumba kando ya kliniki ya wajawazito, chumba chenye dirisha, na kila mama aliyeandikiwa cheti alielezwa na muuguzi, kwa mdomo, kinapimwa nini, kwa sauti na siyo mionzi, na akaachiwa nafasi aulize. Walianza kuja. Walimu walikuja. Akina mama wa kwaya walikuja.

Mimi na Matroni tulifanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyetutuma. Tulichukua daftari lake la rufaa na daftari langu la vipimo, tukayaweka meza moja, tukasoma majina. Kwa kila jina lililokuwa kwake na halipo kwangu, tuliuliza zahanati iliyomtuma. Wengi sana walikuwa wamejifungua salama bila kipimo, ndivyo ilivyo, mimba nyingi huenda sawa. Majibu yaliporudi nilikuwa napumua. Mpaka jibu moja kutoka kijiji cha juu ya Hedaru lilipokuja, limeandikwa kwa mistari miwili. Mama alitokwa na damu nyumbani. Hakuwahi kufika barabarani, yeye wala mtoto.

Sisemi kwamba kipimo kingemwokoa kwa hakika. Nimefanya kazi hospitalini muda mrefu mno kusema hivyo. Lakini alitumwa kwangu, na jina lake halimo katika daftari langu.

Matroni alisema tupande tukawape pole wenyewe. Nikasema ndiyo, wiki ijayo. Nikasema tena mwezi ujao. Nikawa na semina, nikawa na ukaguzi, nikawa na mgeni. Yeye alipanda peke yake. Mimi niliogopa, na nawaambia wazi kwa sababu mtasikia watu wakinisifu kwa kusukuma mashine barazani. Kusukuma mashine kulikuwa rahisi. Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo, nikafundisha vijana, nikaagwa kwa keki na hotuba na saa ya ukutani, na kijiji kile nilikuwa sijakanyaga.

Kustaafu kuna ubaya wake. Asubuhi inakuwa ndefu na hakuna ukaguzi wa kujificha nyuma yake. Mwaka jana, siku moja baada ya kifungua kinywa, nilimwambia mke wangu nakwenda Hedaru, akaniangalia, akanipa sweta bila kuniuliza. Hedaru nilishuka katikati ya malori na wauza vitunguu, nikachukua bodaboda mpaka juu, nikaulizia nyumba. Nilielekezwa kwa Bibi Nakiete, mama mkwe wa marehemu. Alikuwa uani anapembua maharage.

Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kigoda. Nilimwambia jina langu na kazi niliyoifanya, nikamweleza habari yote, kibao na maneno yake. Niliisema haraka, nisije nikakimbia. Mkono wake haukuacha kupembua.

"Namkumbuka siku ile," alisema nilipomaliza. "Alirudi ana furaha. Akaniambia, Mama, hospitali kuna mtu mwema, ameandika mlangoni kwamba tusiingie, kumbe kipimo kingemdhuru mtoto. Jioni katika sala akakutaja. Hakujua jina lako, akasema tu yule mtu wa kibao, Mungu ambariki."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Niliinama, nikaangalia maganda ya maharage. Naye hakuongeza neno la kunifariji, wala sikulistahili. Baada ya kitambo akaniita, siyo kwa jina, akaniita mwanangu, akaniuliza swali alilokuwa nalo. Ndani alikuwamo mke wa mjukuu wake, tumbo la miezi saba. Mjukuu huyo ni mtoto wa kwanza wa marehemu yule. Zahanati imemwandikia utrasaundi, na yeye Bibi amekataa, amekificha cheti chini ya mkeka. Kwake mashine ile ndiyo iliyokatazwa.

"Angekuwa mkwe wako wewe, ungempeleka?"

Nilimwambia ningempeleka leo hii. Akaacha ungo. Akaingia ndani, akatoka na cheti na kanga ya pili begani, na akasema tutakwenda wote watatu, kwa maana kama ni kudanganywa tudanganywe pamoja.

Tulishuka kesho yake asubuhi. Chumba cha vipimo siku hizi anakaa binti niliyemfundisha mwenyewe. Aliniona akataka kunipisha kiti cha mashine kwa heshima. Nikakataa, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi na wajawazito wengine, mzee peke yangu katikati ya matumbo. Bibi Nakiete hakukubali kubaki nje. Niliwasikia kupitia pazia, binti akieleza taratibu, hii ni sauti tu Bibi, haina mionzi, nitatazama kidogo. Kisha kimya. Sikuwahi kujua kwamba kimya kile, kwa anayesubiri nje, ni kirefu hivyo. Miaka yangu yote nilikuwa upande wa pili wa pazia.

Pazia likafunguka. Bibi Nakiete alitoka wa kwanza, akifuta mikono yenye jeli kwenye kanga, kwa kuwa alikuwa amemshika mke wa mjukuu wake tumboni muda wote. Alikuja mpaka mbele yangu akasimama.

"Kondo liko juu, mwanangu," alisema. "Amenionyesha. Liko juu, mbali na mlango."

Nikalia palepale kwenye benchi, mbele ya wale akina mama. Bibi akaketi kando yangu, akanishika mkono kwa vidole vyake vya jeli, tukamsubiri mjamzito wetu avae viatu.